Wanaotia Makaa kwenye Shule ya Mashushushu

Umeme ulikatika Ujiji yote nikiwa nimefika mahali patamu. Tukahamisha mkeka hadi barazani, nikaendelea kusimulia kwa mwanga wa simu yangu. Msichana wa miaka 14 ametoroka bwenini usiku. Anapita kwa nje, ameshikilia ubavu wa meli inayoelea angani, ambayo ndiyo shule yenyewe, chini yake ukungu mtupu, mpaka anafika chumba cha boila. Humo anakuta joto, kelele, na vijana waliojaa masizi wakirusha makaa kwenye tanuri.

Mabinti walikuwa kimya. Hata yule mkubwa wao, ambaye siku zote hujifanya hadithi si saizi yake, alikuwa amesogea.

Ndipo binti wa kaka yangu akauliza: "Shangazi, hao wa makaa nao wanasoma hapo?"

Nikamwambia hapana, hao ni wafanyakazi.

"Kwa hiyo shule ikianguka wanaanguka nayo, ila cheti hawapati."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayehakiki chenji dukani, kisha akataka niendelee. Nikaendelea. Lakini maneno yale yamenikaa wiki nyingi. Nikiwa Kibirizi nasubiri mitumbwi ya migebuka, yapo. Nikipita mbele ya stesheni, na lile jengo la Wajerumani limesimama vilevile, yapo. Naandika leo kwa sababu nimeona hayatoki bila kuandikwa.

Shule yenyewe

Mfululizo ninaousimulia unaitwa Finishing School, wa Gail Carriger, Mmarekani ambaye alisomea akiolojia kabla ya kuwa mwandishi wa hadithi. Ni vitabu vinne, vilivyotoka kati ya 2013 na 2015. Mabinti hawasomi Kiingereza kwa kasi ya kufurahia hadithi, kwa hiyo mimi nasoma mchana na kuwasimulia jioni kwa Kiswahili chetu.

Mwaka ni 1851, nchi ni Uingereza ya Malkia Victoria, ila Uingereza ya namna yake. Vampaya wana nyumba zao za heshima. Watu wanaogeuka mbwa mwitu wana vyeo jeshini. (Hapo sikuhitaji kueleza sana. Mmoja alisema, "Kama simba-watu wa Singida," tukasonga mbele.) Kwenye nyumba za matajiri, watumishi ni mashine za chuma zinazotembea juu ya reli ndogo sakafuni, zikipeleka chai na kufungua milango. Hiyo ndiyo inayoitwa stimpanki: mwandishi anaichukua dunia ya mvuke, boila na gia, anaisukuma mbele kuliko ilivyowahi kwenda, halafu anaweka watu ndani yake.

Sophronia Temminnick ni mtundu. Anapanda asipotakiwa kupanda, anafungua kisichomhusu ili aone kinavyofanya kazi. Mama yake amechoka, anampeleka kwa Mademoiselle Geraldine akafundwe ubinti. Mama hajui kwamba shule hiyo, inayoelea juu ya nyika za Dartmoor, inafundisha pia ujasusi. Na jambo ambalo mabinti wangu walilipenda kuliko yote: mwalimu mkuu mwenyewe hajui. Walimu wanamficha, na wanafunzi wanatakiwa kumficha pia, kila siku, kama sehemu ya mafunzo.

Wanafunzwa kupiga goti kwa adabu na kutambua sumu. Wanafunzwa kuzimia kwa mpango, kucheza dansi huku wakihesabu nani ameingia na nani ametoka. Sophronia ana kimbwa cha chuma kinachokula makaa, Bumbersnoot, ambacho sheria za shule hazikiruhusu. Na makaa ya kumlisha yanapatikana wapi?

Chini. Kwenye boila.

Aliyeniita pembeni

Kuna mama mmoja mtu mzima jirani yetu, somo wa mabinti wengi wa mtaa huu. Alisikia vipande vya hadithi kutoka uani kwake. Asubuhi moja akaniita.

"Mwanangu, watoto unawafundisha uongo."

Sikulichukulia jambo hilo kirahisi, maana hasemi ovyo. Nikakaa chini, nikamweleza. Nikamwambia wale wasichana wanachofundishwa zaidi ni kuangalia. Kujua mgeni ameketi wapi na kwa nini. Kujua nani kacheka kabla kichekesho hakijaisha. Kujua lini mtu anapaswa kunyamaza hata kama jibu analo. Nikamwambia, mama, haya si ndiyo unayowafundisha wewe?

Aliniangalia kitambo.

Maana ni kweli. Msichana anayefundwa hapa kwetu haambiwi mambo waziwazi. Anaimbiwa. Anapewa fumbo, anaachwa nalo, na asipolifumbua atakaa nalo mpaka akili imfunguke. Akitoka ndani anajua kusoma chumba kizima akiwa ameinamisha macho. Na watoto wa mtaani, hata kabla ya hapo, wana kinyume chao. Hawa mabinti wangu wakitaka kupanga jambo mbele yangu wanageuza silabi, kesho inakuwa shoke, na wanaongea kwa kasi ambayo mimi niliyekulia kinyume hichohicho siwezi tena kuifuata.

Na kanga? Mama huyuhuyu nimemwona akienda kwenye shughuli akiwa amejitanda "Usisafirie nyota ya mwenzio", na kabla pilau halijapakuliwa kila mtu alikuwa anajua nani kaambiwa nini. Hakufungua mdomo.

Nikamwambia hayo. Akajibu jibu ambalo mimi sikuwa nalo:

"Kanga yangu, niliyemkusudia anaisoma. Amevaa yake kunijibu. Shushushu hasomwi. Shushushu anapeleka kwa mtu. Huyo mtoto wa kizungu anapeleka kwa nani?"

Hapo ndipo hadithi iliponibadilikia mkononi. Kwenye vitabu vile wahitimu hutafuta mlezi mwenye mali au cheo, na siri wanazokusanya zinakuwa zake. Sophronia anatumia muda mrefu wa vitabu vyote vinne akijiuliza amwamini nani: walimu, vampaya, serikali, au lile genge la wakubwa wanaojiita Picklemen. Nilikuwa nimeisoma kama hadithi ya ujanja. Mama akanionyesha kwamba ni hadithi ya utumishi. Ukishajua kuona, macho yako ni ya nani?

Swali lake na swali la binti wa kaka yangu yakakutana, na mimi katikati.

Mvuke wa kwetu

Msomaji wa Kigoma sitamweleza Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ni nini. Nataka tu tuitazame tena, polepole, kama ingekuwa kitu cha hadithi.

Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, Ujerumani, wanaunda meli ya mvuke ya zaidi ya mita 60. Wakimaliza, wanaifungua. Wanaifungua yote, vipande kwa vipande, wanaipanga kwenye makasha 5,000 na kuyapakia kuja Dar es Salaam. Reli ya Kati inafika Kigoma 1914. Makasha yanapanda reli hiyo, yanavuka nchi nzima, na hapa ziwani meli inapigwa ripiti upya mpaka inasimama. Inaingia majini 1915, kwa jina la Graf von Götzen, na vita vikiwa vimeshaanza. Baadaye inafungwa mzinga mkubwa uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyokwama Rufiji.

Upande wa pili nao. Waingereza wanachukua mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, wanazisafirisha kutoka London hadi Cape Town, kisha kwa reli, kisha wanazikokota milimani Kongo kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, mpaka Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 wanaikamata meli ya Kijerumani Kingani, wanaigeuza yao, wanaiita Fifi. Februari 1916 wanaizamisha Hedwig von Wissmann. Katikati ya 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua juu ya maji zinakuja kudondosha mabomu Kigoma.

Na Tabora, mwaka huohuo wa 1916, Wajerumani wameishiwa fedha. Wanageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu inatoka Sekenke. Wanagonga rupia 15 za dhahabu zenye tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Karakana ya garimoshi inayotoa sarafu za dhahabu huku adui anakaribia! Mwandishi wa stimpanki angebuni hilo, mhariri wake angemwambia apunguze.

Niliwasimulia mabinti haya kwa jioni kadhaa, nikiwa nimeweka vitabu pembeni. Walidhani nimebuni. Mmoja wao, ambaye ameishi maisha yake yote umbali wa bajaji moja kutoka bandarini, aliuliza meli hiyo iko wapi siku hizi.

Sikushangaa sana, lakini iliniuma. Anajua Dartmoor kuna ukungu. Hakujua kwamba meli anayoiita kwa jina kila siku ilisafiri ndani ya makasha.

Mahali niliposita

Sasa niseme kilichonizuia kuandika mapema.

Mvuke wa vitabu vile ni mzuri. Unang'aa shaba. Una miwani, kofia, vikombe vya chai vinavyotikisika meli ikipinda. Mabinti wanaupenda na mimi naupenda. Lakini mvuke uliokuja huku haukuja na chai. Ulikuja na kodi ya kichwa, na tuta la reli lililoinuliwa kwa jembe na karai, na vita ambavyo havikuwa vyetu vilivyobeba watu wetu kwa maelfu kama wapagazi, wengi wao hawakurudi. Tabora walikotoka wapagazi mashuhuri wa misafara, na Ujiji walikofikia, wanajua kubeba mzigo wa mtu mwingine ni nini.

Je, ni sawa nikae barazani nikiwapambia watoto zama hizo? Niwafanye waitamani 1851?

Kuna wiki niliacha kabisa. Nilisema nimechoka, tukacheza bao.

Kilichonirudisha ni kuangalia tena vitabu vyenyewe kwa jicho la swali la boila. Nikaona Carriger hakulala. Ni mwandishi anayechekesha, na anayechekesha hudhaniwa hana jambo. Lakini ona anavyoipanga ile meli ya anga. Juu kuna mapazia na masomo ya dansi. Chini kuna tanuri. Sophronia ndiye karibu peke yake anayeshuka, tena anashuka mara kwa mara, na kila jambo kubwa analolifanikisha lina mkono wa chini ndani yake. Walimu wenye akili za kijasusi, wanaojivunia kuona kila kitu, hawaoni kwamba nusu ya mtandao wa mwanafunzi wao bora umejaa masizi. Hawawatazami wale vijana. Wasiotazamwa wanajua yote.

Na zile mashine za watumishi? Katika kitabu cha mwisho, Picklemen wanataka kuzishika zote kwa mkupuo, kila nyumba, ili nchi nzima iwe mateka wa watumishi wake wa chuma. Mwandishi anasema kitu pale kuhusu nchi iliyojizoesha kuhudumiwa na kisichosema.

Nikarudi barazani.

Soap

Anayetaka kusoma mwenyewe aruke sehemu hii, nitafichua.

Kiongozi wa vijana wa boila anaitwa Soap. Ni kijana mweusi, wa London, mcheshi, mwenye moyo. Sophronia anamfundisha kusoma. Kwa hiyo jibu nililompa binti wa kaka yangu usiku ule lina nyongeza: wa makaa hawakusajiliwa, lakini mmoja wao alisoma, hukohuko chini, kwa mwalimu wa umri wake. Nilipomfikia Soap na kitabu chake, yule binti alipiga kofi.

Soap anampenda Sophronia na hafichi. Sophronia anasita, kwa sababu anajua dunia ya juu itasema nini juu ya msichana wa familia yake na mtia makaa, tena mweusi. Mwandishi anaruhusu kusita huko kukae kurasa nyingi. Hakuharakishi. Namheshimu kwa hilo, maana vitabu vya vijana hupenda mapenzi yavuke ukuta kwa kuruka mara moja.

Kisha mwishoni mwa kitabu cha tatu Soap anapigwa risasi. Anakufa. Sophronia anamsihi mkuu mmoja wa mbwa mwitu amng'ate ili abaki. Anang'atwa, anabaki, anakuwa mbwa mwitu, na kwa njia hiyo anaingia kwenye duara la watu wanaotumikia kiti cha Malkia. Sasa ana hadhi. Sasa wanaweza kuwa pamoja.

Mabinti walilia, kisha wakafurahi. Mimi nilifurahi kidogo tu.

Maana angalia njia aliyopewa. Kijana huyu alikuwa na akili, ujasiri na uaminifu kuanzia kitabu cha kwanza, na hakuna kati ya hivyo kilichompandisha ngazi. Kilichompandisha ni kuacha kuwa binadamu. Ili mtia makaa mweusi apande juu, ilibidi kwanza afe. Sisemi Carriger alikusudia hivyo. Inawezekana alikuwa anaonyesha jinsi mlango wa ile dunia ulivyofungwa, kwamba hata kifo ni rahisi kuliko kuufungua. Nimezisoma zile sehemu tena na tena, na ninaegemea upande huo. Hata hivyo nilitamani angalau mtia makaa mmoja, hata wa pembeni, apande ngazi kwa miguu yake ya kawaida.

Nilipowaambia mabinti hili, yule mkubwa alinijibu bila kuinua kichwa: "Basi si tuandike wetu."

Waliopaka grisi

Tukaanza kuandika. Naita kuandika, ingawa mpaka sasa ni daftari moja la kaunta na ugomvi mwingi.

Swali la kwanza lilikuwa: mashushushu wa ziwa hili walikuwa nani? Niliwasimulia habari ya Rosenthal, afisa wa Kijerumani, ambaye mwishoni mwa 1915 alikwenda upande wa Kongo kupeleleza kinachojengwa Lukuga. Akaogelea karibu na ufuko aone kwa macho yake. Aliona, lakini hakuweza kurudi kwenye meli, akakamatwa. Akiwa mfungwa aliandika barua ya kuomba vitu vyake, na ndani yake akaandika ujumbe wa siri kwa mkojo. Mkuu wake hakuugundua mpaka baada ya miezi.

Walicheka mpaka jirani akatoka nje. Kisha binti wa kaka yangu, yuleyule, akasema: "Kwani ufukweni hapakuwa na wavuvi?"

Palikuwa na wavuvi. Walikuwepo Lukuga, Kigoma, Ujiji na Bangwe, kila usiku usio na mbalamwezi, na taa zao juu ya maji. Waliona meli zote za pande zote zikipita. Afisa alilazimika kuogelea ili ajue jambo ambalo mtu mwenye mtumbwi alilijua toka juzi. Ila hakuna aliyeandika walichokiona.

Ndivyo ilivyo na meli yenyewe. Waunda meli watatu waliotumwa kutoka Papenburg kuja kuisimamisha Götzen wanajulikana kwa majina: Anton Rüter, Rudolf Tellmann, Hermann Wendt. Ukitafuta utawakuta. Waafrika na Wahindi waliopiga ripiti pamoja nao walikuwa wengi zaidi ya hao mara nyingi. Kwenye masimulizi wanatajwa kwa ujumla, kama makasha.

Halafu tukafika Julai 1916.

Wabelgiji wamekaribia. Wajerumani wanaondoka Kigoma na hawataki meli iangukie mikononi mwa adui. Tarehe 26 Julai wanaizamisha kusini ya hapa, kuelekea mdomo wa Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha wanafanya jambo moja: wanazipaka injini grisi, nyingi, kila mahali. Waingereza wanaiinua 1924. Injini zipo. Mwaka 1927 inarudi kazini kwa jina la Liemba, na mvuke wake unaendelea mpaka miaka ya 1970 ilipowekewa dizeli.

Niliwauliza mabinti: grisi inamaanisha nini?

Walikaa kimya muda. Yule mkubwa ndiye aliyepata. "Wanarudi," alisema. "Huwezi kukipaka mafuta kitu unachokitupa. Wanazamisha lakini wanategemea kurudi kuichukua."

Hiyo ndiyo siri. Mwezi ule, kwenye ziwa lote, sijui kama ilikuwepo siri kubwa kuliko hiyo: kwamba meli iliyozama haikufa, imehifadhiwa. Na nani aliijua? Waliotoa amri, bila shaka. Lakini ndoo za grisi hazibebwi na waliotoa amri. Siwezi kuamini kwamba mafundi watatu walimaliza injini nzima ya meli ile kwa mikono yao sita, na vita vikiwa mlangoni. Kulikuwa na mikono mingine mle chini. Mtu fulani wa boila, wa hapa, alitoka bandarini jioni ile akiwa na grisi mpaka viwikoni, na kichwani amebeba habari ambayo jeshi zima la Wabelgiji lingelipia.

Nilisisimka kuliko kwenye ukurasa wowote wa vitabu vyote vinne. Kile ambacho Carriger alilazimika kukibuni, msichana anayeshuka boila kutafuta waliojua, hapa hakihitaji kubuniwa. Kinahitaji kujazwa uso na jina.

Sura ya pili imekwama

Mhusika wetu ni msichana wa miaka 14, mtoto wa mpishi wa kambi ya reli. Mama yake anauza mawese. Shule yake haina jengo: walimu wake ni mama muuza kanga wa Ujiji, mvuvi mmoja mzee, na fundi wa Tabora anayejua kusikiliza boila na kusema ni bolti gani imelegea. Anaongea kinyume. Ameingia melini akibeba ndoo.

Hatujakubaliana baada ya hapo anafanya nini. Mmoja anataka awauzie Wabelgiji siri, apate fedha, amtoe kaka yake kwenye upagazi. Mwingine anasema hapana, Wabelgiji nao watamchukua kaka huyohuyo, kwa hiyo apande reli mpaka Tabora kabla haijaanguka Septemba, ajifiche karakana wanakogonga dhahabu. Hiyo ya Tabora naipenda mimi pia, nimewaambia, ingawa naona anaikimbilia kwa sababu ya yule tembo.

Binti wa kaka yangu anataka asimwambie mtu yeyote. Anataka akae nayo. Wajerumani waondoke, Wabelgiji waje, Waingereza waje, na yeye akiwa hapahapa, akiuza mawese, akijua. Nikamuuliza, sasa msisimko uko wapi, hadithi ya ujasusi bila kupeleka habari?

"Shangazi, kila anayekuja anamuuliza. Yeye anamsikiliza anavyouliza."

Nilikwenda kumweleza yule mama jirani. Alitaka kujua msichana amevaa kanga gani siku ya kuhojiwa, nikamwambia hatujafika huko. Akasema tusiiache sehemu hiyo mikononi mwangu, atakuja mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi atakuwepo. Mabinti nimewapa kazi: waende kwa wazee wa Mwanga na Gungu waliofanya kazi reli au bandari, wawaulize majina ya vifaa vya boila kama walivyoviita wao, siyo kama vilivyoandikwa kwenye vitabu. Wewe unayesoma hapa, kama babu yako alikuwa mtia makaa kwenye garimoshi au kwenye Liemba ya mvuke, muulize na wewe, uniandikie chini hapa. Tunahitaji kujua zamu ilikuwa ya saa ngapi, walikula nini mle chini, na grisi ilikuja kwenye debe au kwenye pipa, maana sura ya pili haiwezi kusogea bila hiyo.